Ile picha ya kirusi cha chikungunya: kamera iliona nini hasa?

Wiki mbili zilizopita mjomba wangu aliyeko Newala alinitumia picha kwenye simu. Mpira mwekundu wenye miiba ya bluu, nyuma yake weusi mtupu, na chini yake maneno: "Hiki ndicho kirusi cha chikungunya, kimepigwa na kamera kali kuliko zote duniani." Ikafuatia sauti yake mwenyewe: "Mpwa wangu, wewe unafanya kazi maabara. Kama ipo kamera inayoona mpaka rangi ya kirusi, mbona mimi pale zahanati walinichoma kidole, wakachungulia kwenye darubini yao, wakasema hawaoni kitu?"

Kwenye kundi la familia picha ile ilishawagawa watu. Wengine waliamini kila kitu kilichomo, hadi rangi. Wengine walisema imechorwa na kompyuta, kwa hiyo habari zote za virusi ni hadithi. Nimekaa na swali la mjomba kwa siku kadhaa kwa sababu ni swali zuri, na kwa sababu ugonjwa huu ni wetu kwa jina. Chikungunya ilielezwa kitaalamu kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda huu wa Makonde, hapa Mtwara. Kirusi chake kilitengwa mwaka 1953, na neno lenyewe limetoka kwenye Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ingefaa sisi tuwe wa kwanza kuielewa picha yake.

Tuanze na maneno. Vitabu vya shule vinaita kifaa cha kutazamia vitu vidogo hadubini, na cha kutazamia vilivyo mbali darubini. Maabara nyingi hatutofautishi, vyote tunaita darubini. Hapa nitatumia hadubini.

Sasa vipimo. Shika rula, tazama milimita moja. Igawe mara elfu moja: kila kipande ni mikromita. Chukua mikromita moja, igawe tena mara elfu: hiyo ndiyo nanomita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Kimelea cha malaria kikiwa bado kichanga ndani ya seli hiyo, kile kinachofanana na pete, ni mikromita 1 au 2. Kirusi cha chikungunya ni nanomita 70 hivi. Ukivipanga mstari mmoja, virusi mia moja vinatosha upana wa seli moja ya damu.

Mtu wa zahanati alikuwa anatafuta malaria, na hadubini yake inatosha kabisa kwa malaria. Kirusi hawezi kukiona, na kosa haliko kwenye macho yake wala kwenye ubovu wa kifaa. Kosa, kama tunaweza kuliita hivyo, ni la mwanga wenyewe.

Mwanga husafiri kama mawimbi. Simama ufukweni Mikindani wakati maji yamejaa. Wimbi likikutana na jahazi lililotia nanga, linavunjika, na upande wa pili maji yanatulia. Hata usipoliona jahazi lenyewe, ukiyatazama maji utajua kuna kitu kikubwa pale. Lakini wimbi hilohilo likipita kwenye kijiti kilichochomekwa majini, linaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kitu. Kijiti hakiachi habari yoyote kwenye wimbi. Mawimbi ya mwanga tunaouona kwa macho yana urefu wa nanomita 400 hadi 700, na hadubini ya kawaida ya mwanga inaishia kwenye vitu vya nanomita 200 hivi. Kirusi cha nanomita 70 ni kijiti. Lenzi ungeisafisha mpaka ing'ae, bado wimbi litapita tu.

Inatakiwa wimbi fupi zaidi. Elektroni, zile chembe zinazotembea kwenye waya wa umeme, nazo husafiri kama mawimbi, na ukizisukuma kwa volti 100,000 wimbi lake linakuwa fupi kuliko nanomita 0.004. Mwaka 1931 jijini Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza chombo cha kwanza cha kukuza taswira kwa elektroni badala ya mwanga. Mwaka 1939 picha za kwanza za kirusi zikachapishwa, kirusi kinachoshambulia tumbaku, na mmoja wa waliozipiga alikuwa daktari Helmut Ruska, ndugu wa Ernst. Ernst mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, miaka 55 baada ya kile chombo cha kwanza.

Hadubini ya elektroni ya kupenya, ambayo ndiyo ninayoizungumzia, ni mnara wa chuma. Juu kuna kitu kinachofyatua elektroni, katikati kuna lenzi ambazo si za kioo bali za sumaku, na chini kuna kiwambo kinachong'aa rangi ya kijani elektroni zinapokigonga. Sampuli huwekwa katikati ya njia, elektroni zinapita ndani yake. Tundika kanga mbele ya taa usiku: penye pindo pamekunjwa mara mbili panakuwa na giza, palipochakaa panapitisha mwanga. Picha ya hadubini hii ni kivuli cha namna hiyo. (Zile picha za jicho la nzi au mguu wa mbu zinazoonekana kama unaweza kuzishika zinatoka kwenye hadubini nyingine ya elektroni, inayopapasa uso wa kitu bila kupenya.)

Kivuli hicho kina masharti mawili magumu. Ndani ya mnara hakuna hewa, ni ombwe, kwa sababu elektroni zikikutana na hewa zinatawanyika. Na sampuli lazima iwe nyembamba mno, la sivyo elektroni hazipiti. Masharti haya mawili ndiyo yanayofanya kazi kubwa ifanyike mezani, kabla kamera haijawashwa.

Mezani, kabla ya kamera

Kiumbe hai kimejaa maji. Ukikiingiza kwenye ombwe kama kilivyo, maji yanachemka na kutoka, na kinachobaki ni mfupa wa kitu. Sote tunayajua makopa: muhogo uliomenywa na kuanikwa mpaka ukapasuka na kusinyaa. Mtu ambaye hajawahi kuona muhogo mbichi, ukimpa kopa, atakuelezea muhogo wa ajabu sana. Wataalamu wa hadubini wanaogopa kutengeneza makopa bila kujua.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata nafasi ya mafunzo kwenye maabara moja nje ya nchi, na nikapewa kipande cha jani la muhogo nikiandae mwenyewe. Kwanza jani linakatwa vipande vya milimita moja na kuzamishwa kwenye glutaraldehaidi, dawa inayofunga protini mahali zilipo, kama ute wa yai unavyoganda kwenye maji ya moto. Halafu osmiamu tetroksaidi, inayoshika mafuta na kuyafanya meusi. Mvuke wa dawa hii unaharibu macho, kwa hiyo inafanyiwa kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa. Kisha maji yanatolewa polepole kwa spiriti, ya asilimia ndogo kwanza mpaka iliyo tupu, na nafasi ya maji inachukuliwa na resini. Resini ikikaa kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa siku moja au mbili inakuwa ngumu kama kitasa cha plastiki, na jani lako liko ndani yake, limeshikwa kila upande.

Baada ya hapo ni kukata. Kipande kinachohitajika kina unene wa nanomita 70 hivi. Karatasi ya daftari ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo ungeweza kuichana kwa ubapa mara elfu moja na mia nne. Kisu ni cha kioo kilichovunjwa hapohapo au cha almasi, na nyuma ya makali yake kuna kijibirika cha maji. Kila mashine inapopanda na kushuka, kipande kimoja kinakatika na kuelea. Unene wake unaujua kwa rangi inayong'aa juu ya maji, kama mafuta ya taa kwenye dimbwi: kikiwa rangi ya fedha ni kizuri, kikiwa cha dhahabu ni kinene, kikiwa zambarau kitupe. Na kifaa cha kukisogezea, sikuamini nilipopewa, kilikuwa unywele mmoja wa kope uliogundishwa kwenye ncha ya kijiti. Chochote kigumu zaidi ya hapo kingekichana. Nilikaa mchana mzima nikiswaga vipande vinne kuelekea kwenye gridi, kile kiduara cha wavu wa shaba chenye upana wa milimita 3 ambacho ndicho kinachobeba sampuli ndani ya hadubini.

Bado kivuli chenyewe ni hafifu, kwa sababu kaboni, oksijeni na haidrojeni ni atomu nyepesi na elektroni zinazipita kirahisi. Ndiyo maana kipande hupakwa metali nzito, yaani chumvi za urani na za risasi, zikang'ang'ania sehemu fulani za seli na kuzifanya ziwe nyeusi. Nilipaka, nikaosha, nikaingiza. Kiwambo kikawaka kijani, na pale pakatokea kloroplasti za jani la muhogo, zile tabaka zake za ndani zimepangana kama chapati kwenye hotipoti. Na juu ya kila kitu zilitapakaa nukta nyeusi, za duara. Moyo ulinidunda. Nilikuwa na hakika nimekamata kirusi.

Mwalimu wangu aliinama, akatazama sekunde chache, akaniuliza kama nilifunika sahani wakati wa kupaka dawa ya risasi. Sikuwa nimefunika. Nilikuwa nimeinama juu yake nikipumua. Kabonidayoksaidi ya pumzi yangu ilikutana na risasi ikatengeneza kabonati ya risasi, na hizo ndizo nukta nilizoziona. Nilikuwa nimepiga picha pumzi yangu.

Ninalisimulia hili kwa sababu hakuna kamera duniani ambayo ingelitambua lile kosa. Kamera iliona nukta, na nukta zilikuwepo kweli. Mtu akiniletea picha ya hadubini ya elektroni, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni sampuli iliandaliwa vipi. Megapikseli baadaye.

Kwa virusi vilivyo kwenye kimiminika kuna njia ya mkato, inayochukua dakika chache tu, iliyopata umaarufu kuanzia mwaka 1959 kwa kazi ya Sydney Brenner na Robert Horne. Kila mkulima wa korosho hapa Mtwara anaweza kuielewa. Umepuliza salfa ya unga alfajiri, jembe lako umelisahau chini ya mkorosho. Ukiliinua, ardhi yote imekuwa njano isipokuwa pale: umbo la jembe limebaki safi, na mpini wake. Salfa haikulichora jembe. Ilikaa pembeni yake. Ndivyo ilivyo hapa. Tone la kimiminika chenye virusi linawekwa kwenye gridi iliyofunikwa utando mwembamba wa kaboni, dakika moja hivi, linafyonzwa kwa ncha ya karatasi ya kuchujia, halafu linawekwa tone la chumvi ya urani, nalo linafyonzwa. Dawa inakauka kuzunguka kila kirusi. Kwenye picha unaona mipira myeupe ndani ya bahari ya kijivu. Kirusi chenyewe ndicho sehemu ambayo dawa haikufika.

Ipo njia ya tatu, ya kisasa, isiyotumia dawa kabisa: sampuli inatumbukizwa ghafla kwenye ethani ya kimiminika yenye baridi ya karibu nyuzi 180 chini ya sifuri, maji yanaganda haraka mno hata hayapati muda wa kutengeneza fuwele za barafu, yanakuwa kama kioo. Kirusi kinabaki na maji yake na umbo lake. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipata Nobel ya kemia mwaka 2017 kwa kazi zilizoifikisha njia hii hapo ilipo. Kwa njia hiyo tumejua kwamba chikungunya ina miiba 80 juu yake, iliyopangwa kwa ulinganifu.

Kamera sasa

Waliowahi kupiga picha studio zamani wanakumbuka: unapiga leo, picha inasafishwa chumba cha giza, unarudi baada ya siku mbili ndipo unajua ulifumba macho. Hadubini za elektroni zilifanya kazi hivyohivyo kwa miongo mingi. Filamu ilikaa ndani ya ombwe, na ilibidi ikaushwe kwanza kwa sababu unyevu wake ulitosha kuliharibu ombwe lenyewe. Ukitoka chumba cha giza na kugundua sampuli ilisogea, unaanza upya.

Kamera ya dijitali ilibadilisha hapo. Kihisio, ile sehemu ya kamera inayopokea picha badala ya filamu, kilichofungua njia kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith kwenye maabara za Bell, Marekani, wakapewa Nobel mwaka 2009. Lakini kihisio hicho kilikusudiwa mwanga, na elektroni zenye nguvu zingekiharibu. Kwa hiyo juu yake huwekwa tabaka linalomeremeta: elektroni inaligonga, linatoa cheche ya mwanga, mwanga unashushwa na nyuzi za kioo, kihisio kinaupokea. Ni kama kupokezana ndoo kutoka kisimani. Kila mkono unamwaga kidogo, na kinachofika si kile kilichochotwa. Cheche inatanuka pembeni, picha inapoteza ukali.

Kamera mpya zaidi zinapokea elektroni moja kwa moja, bila mkono wa kati, na zinaweza kuzihesabu moja baada ya nyingine. Zinapiga fremu nyingi kila sekunde, kama video, na programu inazipanga juu ya nyingine ili kufuta mtikisiko wa sampuli. Kamera za aina hii zilipoenea miaka ya 2010, ule ugandishaji wa haraka nilioutaja ulianza kutoa picha ambazo hazikuwahi kuonekana.

Na megapikseli? Simu nyingi mifukoni mwetu zina megapikseli 50. Kamera ya hadubini yenye pikseli (nukta zinazounda picha) 4,096 kwa 4,096, yaani kama megapikseli 16, ni kamera ya kuheshimika kabisa. Tofauti ni kwamba pikseli ya simu ina upana wa mikromita moja hivi, ya hadubini inaweza kufika mikromita 15. Fanya hesabu: ukikuza mara 50,000, pikseli hiyo inawakilisha nanomita 0.3 za sampuli. Kirusi cha nanomita 70 kinachukua pikseli 233 kwa upana. Tuseme unataka zaidi, unakuza mara 500,000. Sasa kinachukua zaidi ya pikseli 2,300, lakini kama sampuli ilipakwa dawa ya urani, chembe za dawa yenyewe hazikuruhusu kuona chochote kidogo kuliko nanomita 2 hivi. Umekuza chembe za dawa. Ni kama kupeleka picha ndogo ya pasipoti ikatengenezwe bango la barabarani: pua inakuwa kubwa, habari ni ileile.

Kinachofanya kamera hizi ziwe nzuri ni mambo yasiyotangazwa. Kihisio kinapozwa chini ya nyuzi sifuri ili kupunguza chenga, yaani vidoa vya ovyo kwenye picha. Kabla ya kazi inapigwa picha ya giza tupu, na nyingine ya elektroni bila sampuli yoyote, na hizi mbili zinatumika kusahihisha kila picha inayofuata. Ghalani, mzani wa korosho unaachwa usome sifuri kwanza, tena gunia tupu lina uzito wake wa kutoa. Asiyefanya hivyo na kamera atapeleka kasoro za kihisio chake kwa watu akidhani ni habari za kirusi.

Rangi, na wanaosema imechorwa

Elektroni hazina rangi. Kamera inahesabu nyingi au chache, basi, kwa hiyo kila picha halisi ya hadubini ya elektroni ni ya kijivu. Ule wekundu na bluu uliongezwa na mtu kwenye kompyuta, mara nyingi kwa nia njema, ili msomaji atenganishe kirusi na seli. Na picha aliyonitumia mjomba, nikiiangalia kwa makini, si picha iliyotiwa rangi hata. Ina vivuli vya upande mmoja kama mpira uliowekwa juani, na kivuli cha kupenya hakiwi hivyo. Ni mchoro, uliotokana na vipimo vya picha halisi.

Kwa hiyo waliosema imechorwa walikuwa sahihi, na walikosea sana kwenye hatua iliyofuata. Ramani ya Mtwara nayo imechorwa, na barabara ya Masasi ipo. Chini ya mchoro ule kuna maelfu ya picha za kijivu zenye chenga, zikajumlishwa mpaka chenga zikafutana na umbo likabaki. Inaniuma kuona kazi ya mikono namna hiyo ikitupwa kwa sababu ya rangi tu.

Tena picha, hata iwe nzuri vipi, haimtibu mjomba. Njia ile ya tone na urani inahitaji virusi kama milioni moja kwenye kila mililita ndipo uvione bila kuhangaika. Na kuna kirusi kinachoitwa o'nyong'nyong, kilichogunduliwa Uganda mwaka 1959, ndugu wa chikungunya, nacho kinaumiza viungo. Ukiviweka vyote viwili chini ya hadubini ya elektroni, huwezi kuvitofautisha kwa umbo. Mgonjwa hupimwa vinasaba vya kirusi au kingamwili kwenye damu yake.

Ukiletewa picha nyingine, tafuta kwanza kwenye kona yake mstari mdogo ulioandikwa kipimo, nanomita 50 au 100. Usitegemee maneno "imekuzwa mara elfu kadhaa", kwa sababu picha ikipita kwenye simu tatu imeshabadilika ukubwa, mstari unabadilika nayo. Mstari huo hupatikana kwa kupiga picha kitu ambacho kipimo chake kinajulikana. Mojawapo ni kaboni iliyopangika kama kinywe, madini haya yanayochimbwa Ruangwa: tabaka zake zimeachana kwa nanomita 0.34.

Nilimweleza mjomba haya yote kwa simu, vipande vipande, kwa jioni mbili. Alisikiliza, halafu akauliza: "Sasa chenyewe kina rangi gani?"

Nikamwambia kimoja peke yake hakina rangi kwa maana tunayoijua, ni kidogo kuliko wimbi la mwanga. Lakini virusi vikisafishwa na kukusanywa kwa wingi kwenye maji ya mrija mmoja, maji yanapata ukungu mweupe, kwa mbali sana.

Akanyamaza kidogo. "Kama tui la tatu," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Kama tui la tatu."